Kisu cha Bega

Majina nimeyaacha, na si kwa woga. Nikiwataja kwa majina mtaacha kuangalia walichofanya muanze kuuliza ni watu wa wapi, na mambo yataishia hapo. Nitawataja kwa kazi zao. Mwenye kujijua atajijua, na majirani zake pia watamjua.

Naanza na kijana wa landlord wangu wa Mwihoko, kwa sababu yeye ndiye aliyenichora uso. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikuwa natembea kwenda machimboni, kule Ruiru ninakochonga mawe ya kujengea. Kwenye kona ya shamba la napia, majani ya kulishia ng'ombe, walitoka vijana watatu. Wawili walinishika, wa tatu akainua panga. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, maana ndiye aliyekuwa akinigongea mlango kila mara, "Mzee, fathe anasema maji inafungwa leo." Siku hiyo aliniambia, "Toa simu, mzee, usitucheleweshe." Nikatoa. Nilipokwisha kuitoa ndipo akanikata, nadhani aliona macho yangu yamemtambua. Panga lilianzia chini ya sikio likateremka mpaka karibu na mdomo. Nilipoinua mkono kujikinga, likaondoka na vidole viwili.

Nikapona. Watu hulisema neno hilo kama vile nilipewa zawadi. Nilishonwa kama gunia la viazi, na ule mshono ukavuta upande mmoja wa mdomo ukabaki umepanda juu. Hata nikiwa matangani, asiyenijua huona mtu anayecheka kwa dharau.

Nilipotoka hospitalini nikaenda kuripoti kwenye kituo kidogo cha polisi.

"Ulimwona?" askari akaniuliza.

"Nilimwona na nikamsikia."

"Kulikuwa na giza, mzee."

"Afande, huyu mtu hunigongea mlango."

Walikwenda. Panga walilikuta nyuma ya tangi la maji, limeoshwa linang'aa. Na aliyeliosha ni landlord mwenyewe, mzee wa kanisa, anayekaa kiti cha mbele. Mke wangu alimwona kwa macho yake. Landlord akasema hilo ni panga la kukatia ng'ombe majani. Askari akanigeukia, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto: "Mzee, panga ni kifaa cha shamba. Kila nyumba iko na panga. Tukishika kila mwenye panga, nani atabaki huku nje?"

Kifaa cha shamba. Nililishika neno hilo, na ninaomba nanyi mlishike.

Baada ya hapo kila mtu akawa mshauri wangu. Wenzangu machimboni walisema, tembea na nyundo. Jirani akasema, weka kisu kwenye soksi. Mke wangu, wakati huo bado yuko hai, alisema, "Ukibeba kisu utakuwa umewabebea wao. Watakunyang'anya wakumalize nacho." Nilimsikiliza yeye. Tulihama Mwihoko tukaenda upande mwingine wa Ruiru, na tangu siku hiyo sijatembea na chuma chochote cha kujikinga, ni ufunguo wa nyumba tu. Nyundo na patasi hulala machimboni. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Sasa nije kwa kisu chenyewe.

Babu yangu alikuwa na kisu kilichofuliwa kutoka kwa springi ya lori, mpini wake ni wa mti wa mutamaiyu na umeng'aa kwa mikono. Kisu hicho hakikati kitunguu wala mkate. Kazi yake ni moja. Siku ya ngurario, ile sherehe inayofunga mambo ya mahari, kijana hukata bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Bega likikatika, huyo msichana ni mke wake, hata kama harusi ya kanisani itakuja baadaye au isije kabisa. Babu alikatia bega na kisu hicho. Baba alikatia. Mimi nilikatia. Na kwetu kuna masharti mawili ambayo hayavunjwi. La kwanza, kisu cha bega hakioni jua njiani. Hufungwa kwa kitambaa kipya, na baba wa kijana hukibeba kifuani, ndani ya koti. La pili, kisu hakiombwi kwa wakwe. Atakayeenda kuoa bila kisu, huyo amekwenda kuolewa.

Kifungua mimba wangu alipopata msichana wa ng'ambo ya Makongeni, Thika, marafiki zake walituita Kamakis tupange safari. Mlangoni pale penye nyama choma bawabu alinipapasa kuanzia kwapa mpaka kifundo cha mguu. Vijana wote walipita. Mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa, "Mzee, geuka pia nyuma." Tukaketi. Nyama ikaja juu ya ubao, na kando ya nyama kisu kirefu kama mkono wa mtoto. Meza ya pili nayo ina kisu. Ya tatu, watu wamelewa wanatukanana mambo ya mpira, kisu kiko katikati yao. Nikamwambia dada yangu, "Huyu bawabu alikuwa anatafuta nini kwangu?" Dada yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, akajibu, "Alikuwa anahakikisha hujaleta chako, ndiyo utumie chao."

Tulicheka. Ningejua, singecheka.

Siku ikafika, Jumamosi. Mbuzi alitangulia alfajiri kwa pikapu pamoja na wachinjaji, ili sisi tukifika tukute nyama imeiva. Sisi tukafuata kwa gari la kukodisha: kina mama wa upande wetu na viondo vyao, kijana wangu katika shati jipya, kaka yangu mkubwa ambaye ndiye msemaji wetu, dada yangu, na mimi na kisu changu kifuani. Kina mama walikuwa wanaimba. Nilikuwa nahisi mpini ukinigonga ubavuni kila gari liliporuka, na nilikuwa nimefurahi. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna hiyo tangu mke wangu aondoke.

Tulipopita mji wa Thika tukakuta kizuizi cha polisi. Askari kijana, kofia imemkaa vizuri, akafungua mlango. Akaangalia kina mama, akawasalimia. Akaangalia kijana wangu, akampa pongezi. Akanifikia mimi, akasimama.

"Wewe wa alama. Unacheka nini?"

"Sicheki, afande. Ndivyo uso ulivyo."

"Hiyo alama ulipata wapi?"

"Nilikatwa na wezi."

"Wezi ama wenzako? Shuka chini."

Nikashuka. Mkono wake ulipogonga kifua changu, ulisimama. Alitoa kile kifurushi, akafungua kitambaa, na kisu kikaona jua. Hapo barabarani, mbele ya malori na wauza ndizi. Nilifumba macho.

"Hii ni nini?"

"Kisu cha bega. Tunaenda ngurario."

"Kwa nini umekificha?"

"Hakijafichwa. Kimefungwa. Ni desturi."

"Kimefungwa, kimewekwa ndani ya koti, karibu na kifua. Mzee, hiyo Kiswahili inaitwa kuficha." Akakigeuza kwenye mwanga. "Sheria inasema huwezi kutembea na silaha barabarani bila sababu halali."

"Sababu si hii nimekupa?"

"Wewe ni mchinjaji?"

"Hapana."

"Uko na bucha?"

"Nachonga mawe."

"Basi kisu na wewe ni wa wapi na wapi?"

Dada yangu alikwishateremka. "Afande, mwanangu, huyo usimwogope. Huyo hata kuku akichinjwa huingia nyumbani afunge mlango."

Kina mama wakacheka. Askari hakucheka. "Mama, rudi kwa gari."

"Narudi, lakini umwachilie. Tutamwozaje kijana bila baba?"

"Kwani ni yeye anaolewa?"

Ninyi mtafikiri alikuwa anataka kitu kidogo. Kaka yangu pia alifikiri hivyo, akamvuta pembeni na kumnong'oneza. Askari akamwambia kwa sauti, watu wote wasikie, aache hayo kabla hajawashika wawili. Nilipata bahati mbaya ya kukutana na mwaminifu. Mla rushwa angalau husikiliza kwanza, ajue bei. Huyu alikuwa na sheria yake na uso wangu, na hakuhitaji kitu kingine.

Nilimuuliza, "Afande, panga ni nini?"

"Unauliza nini?"

"Panga likikutwa nyuma ya tangi la maji, limeoshwa, sheria inaliita nini?"

"Panga ni kifaa cha shamba. Usinipotezee wakati."

Wallahi ningekuwa na machozi ningelia, lakini upande ule wa uso machozi hayashuki vizuri.

Akasema gari liende, mimi nibaki nipelekwe stesheni. Kijana wangu akashuka. "Mimi siendi bila baba." Kaka yangu akaangalia saa yake, kwa sababu yeye akichelewa huumwa tumbo. "Wakwe wametandika viti. Mbuzi ameiva. Tutawaambia nini?"

Nikamwambia mwanangu, "Panda gari. Anayeoa ni wewe, si mimi."

"Na kisu je?"

Askari alikuwa amekishika. Nikamwambia, "Mwombe yeye."

Aliomba. Mtoto wangu, katika shati lake la kuolea, alimwomba askari mdogo kuliko yeye: "Nipe mimi, mimi sina alama." Askari akasema hiyo sasa ni ushahidi. Gari likaondoka. Kina mama hawakuwa wakiimba tena.

Kule stesheni nilikalishwa kwenye benchi. Kwenye dawati alikuwa mama mmoja wa cheo, miwani puani. Alisikiliza kwa makini zaidi ya yule wa barabarani, sitamdhulumu.

"Kwa hivyo unaenda kuchinja mbuzi."

"Kukata bega."

"Na mbuzi iko wapi?"

"Ametangulia."

Alivua miwani. "Mbuzi imetangulia, kisu kimefuata, mwenye kisu yuko hapa." Akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka mpaka mahabusu wa ndani wakauliza kuna nini. Halafu akasema nitaje mtu wa kumpigia, athibitishe kwamba sherehe ipo. Nikampa namba ya kaka yangu. Imezimwa. Ya dada yangu. Imezimwa. Ya mwanangu. Imezimwa. Wazee wakianza kuongea mambo ya mahari simu zote huzimwa, ni heshima. Kwa macho ya polisi, watu wote wa ukoo wangu walikuwa wamezima simu kwa pamoja.

Nilikaa hapo nikihesabu moyoni yanayoendelea. Sasa wameulizwa wamefuata nini. Sasa msichana ameletwa. Sasa nyama imetolewa jikoni. Sasa kaka yangu anasimama, anajikuna shingo, hana kisu.

Dada yangu ndiye aliyewasha simu kwanza. Mama wa cheo aliongea naye, akacheka tena, akaniambia naweza kwenda. Hakuna kesi.

"Na kisu changu?"

"Hicho kitabaki mpaka mkubwa arudi atie sahihi."

"Mkubwa atarudi lini?"

"Yeye ndiye mkubwa, mzee. Hatuulizi."

Nilifika kwa wakwe kina mama wakisugua sufuria. Watu walinishangilia kama mtu aliyetoka hospitalini. Nikapewa sahani iliyofunikwa. Dada yangu akaketi karibu nami, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaongea polepole.

"Ilibidi tuombe."

"Nani aliomba?"

"Kaka. Alizunguka sana, akaongea mambo ya Biblia, mwishowe akaomba."

"Wakasemaje?"

"Yule mzee wao wa kofia ya manyoya akauliza, 'Kwani Ruiru hakuna visu? Mmekuja kuoa ama mmetuletea bwana?' Watu wakaanguka kwa kicheko. Wakatuletea kisu cha mkate, kile cha meno. Kijana akakata na hicho. Alikuwa kama anapasua mbao. Msichana alicheka, halafu nikamwona anafuta macho."

Mwanangu alikuja, akachuchumaa mbele yangu. Nikamwambia, "Limekatika?" Akasema, "Limekatika, baba." Nikala. Nyama ilikuwa imepoa, na mfupa wa bega ulikuwa na mikwaruzo ya yale meno.

Kazi ya kurudi Thika kufuata kisu sitaieleza yote, maana nikikumbuka napandwa na joto. Mara mkubwa yuko kortini. Mara mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Mara nilete barua ya chifu, nikileta wanauliza barua ni ya nini. Siku moja nilikuta kisu chenyewe juu ya dawati, kando ya maganda ya avokado. Askari mmoja alikuwa anakilamba ubavu. Nikasema, "Afande, hiyo si ni silaha?" Akasema, "Hii? Hii ni kali sana, mzee, ulinolea wapi?" Nilikuwa naangalia ncha, imepigwa pengo. Sijui walifungulia nini.

Mwishowe wakanipa. Nikatia sahihi pale walipoonyesha. Nikabaki nimesimama.

"Nini tena?" akauliza mama wa miwani.

"Niandikie karatasi, ya kuonyesha njiani."

"Ya nini? Kisu ni chako."

"Nikifika kizuizini watanishika tena."

"Basi usikibebe."

"Nitakifikishaje Ruiru?"

"Mzee, tumekupa kisu. Sasa unataka tukubebee?"

Nikatoka nje. Mniambie mngefanya nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya stesheni ya polisi, mtu wa kovu, kisu mkononi. Nikikifunga, nimekificha. Nikikiacha wazi, watu watanipigia kelele za mwizi, na Thika wakianza kupiga kelele hizo hawaulizi kwenu kuna desturi gani. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni aliniona, akavuka barabara. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningekimbia.

Nikampigia mama wa mkaza mwanangu. Yeye huuza mboga Makongeni. Alikuja na kikapu, akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Haiya, mkwe. Lete hapa." Alikilaza kisu juu ya sukuma wiki, wazi, kikiwaka jua. Tukaanza kutembea kwenda kwake, yeye mbele, mimi nyuma.

Na askari walikuwa barabarani. Si kizuizi, walikuwa wamesimama tu, na mmoja wao alikuwa yule kijana wangu mwaminifu.

"Mama, leo umebeba nini kizuri?"

"Sukuma, na kisu ya kuikata."

"Ukikata utuwekee na yetu."

"Muoe kwanza, mkatiwe nyumbani."

Walicheka, wakampisha. Kisha macho ya yule kijana yakanifikia.

"Wewe mzee. Unacheka nini? Toa kitambulisho."

Nikatoa. Akakisoma mbele na nyuma. Akanipapasa kuanzia kwapa mpaka kifundo cha mguu. Sikuwa na kitu, ila ufunguo wa nyumba. Mama aliningoja mbele kidogo, kikapu kichwani, mpini wa mutamaiyu ukichungulia kati ya majani.

Tulipofika kwake aliingia jikoni, akakiosha kisu, akakifuta kwa aproni yake, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki. Mimi nilibaki mlangoni. Nina kijana mwingine nyumbani, na huyo naye ameshaanza kunyoa ndevu kila asubuhi na kutabasamu akiangalia simu.

"Hapa hakuna atakayekigusa," mkwe wangu akaniambia, na alisema kwa roho safi kabisa, mtu mwema, akinimiminia chai. "Siku mkikihitaji, mje tu muombe."